Barua ya wazi kwa Bodi ya chama chetu cha msingi: geuzeni mizani tuione

Kwa Mwenyekiti na Wajumbe wa Bodi,
Kwa Meneja na watendaji wote,
Chama cha Msingi cha Ushirika wa Wakulima wa Korosho,
Mkoa wa Mtwara.

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: UAMINIFU KATIKA VIPIMO NA MAHESABU YA KOROSHO ZETU

Nakusalimu kwa heshima, wewe na wajumbe wenzako. Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwanachama wa chama hiki. Baba yangu alikuwa mwanachama kabla yangu, na mikorosho mingi ninayovuna leo aliipanda yeye. Naandika hadharani kwa sababu njia za ndani zimekwisha. Nilianza kwa karani wa ghala, akanielekeza kwa meneja. Meneja akataka niandike barua. Nikaandika, ikapokelewa, ikagongwa mhuri, na hadi leo haijajibiwa. Kwenye mkutano mkuu nikaomba jambo hili liwekwe kwenye ajenda, nikaambiwa litazungumzwa katika "mengineyo". Tulipofika kwenye mengineyo mkutano ukafungwa kwa kuwa mgeni rasmi alikuwa na safari. Wapo wanachama wengine ambao barua zao zimelala kwenye faili hilohilo.

Jina la chama nimeliacha kwa makusudi. Nyinyi mnajijua, sisi tunawajua, na majirani zetu wa Newala, Tandahimba na Masasi wanaosoma barua hii hawahitaji jina ili kuelewa ninachosema. Naamini pia kwamba wapo viongozi wa vyama vingine watakaoisoma wakajiona.

Ninachotaka tukizungumze ni uaminifu. Sizungumzii ule wa kwenye hotuba, maana hotuba zetu zimejaa uaminifu tele. Nazungumzia ule unaoweza kuonekana kwa macho: kwenye mizani, kwenye stakabadhi, kwenye daftari la ghala na kwenye ukuta wa ofisi.

Haya ndiyo malalamiko yetu.

1. Mizani inamtazama karani peke yake

Kila aliyewahi kupeleka korosho ghalani kwetu anaujua mpangilio. Meza ya karani iko ndani ya mlango, mizani iko mbele yake, na kioo cha namba kimemgeukia yeye. Mkulima anasimama nje ya kamba, upande wa gunia. Wapakiaji wawili wanalibwaga gunia kwenye sahani, namba zinacheza, na kabla hazijatulia karani ameshatamka "sitini na tatu". Mwenzake ameshaandika 63 kwa peni nene kwenye gunia, na gunia limeshashushwa. Mkulima ameona mgongo wa mizani tu. Akiuliza, foleni nyuma yake inaguna, maana jua ni kali na kila mtu anataka kurudi nyumbani.

Msimu uliopita mama mmoja jirani yangu alilipima gunia lake kwanza kwenye mizani ya dukani, likasoma kilo 66. Ghalani likatamkwa 63. Yule mama hakupiga kelele. Alisimama palepale akasema, "Mwanangu, naomba ulirudishe." Likarudishwa. Safari hii namba iliachwa mpaka ikatulia, ikasoma 65 na pointi. Karani akakata ile 63, akaandika 65 pembeni yake, akaita mwingine. Hakusema pole wala hakueleza kitu. Mama alishukuru akaondoka, lakini mimi nilibaki nikiwatazama waliokuwa wameshapima asubuhi ile kabla yake, wengi wao wazee, wakikunja stakabadhi zao na kuzifunga kwenye pindo la kanga au kuzitia mfukoni.

Kuna pia suala la pointi. Kilo 63.7 inaandikwa 63. Mtasema ni kitu kidogo, basi tukipigie hesabu. Tuchukue bei ya mfano ya shilingi 3,000 kwa kilo. Ile 0.7 iliyoachwa ni shilingi 2,100, kwa gunia moja. Tuseme kwa wastani kila gunia linapoteza nusu kilo, na mwanachama wa kawaida analeta magunia 10. Huyo amepoteza kilo 5, sawa na shilingi 15,000. Chama chenye wanachama 500 wa namna hiyo kimeacha nje ya maandishi kilo 2,500, yaani tani mbili na nusu, zenye thamani ya shilingi 7,500,000. Korosho hizo hazikuyeyuka. Zimo ndani ya magunia, zimepanda lori, zimefika ghala kuu, na mnunuzi amezilipia.

Sheria ya Vipimo, Sura 340, inataka mizani ya biashara ihakikiwe, na Wakala wa Vipimo huikagua na kuiwekea alama kila mwaka. Nina hakika mtanionyesha stika. Stika inathibitisha kwamba mizani inapima sawasawa. Haithibitishi kwamba kilichosomwa ndicho kilichoandikwa, na hilo ndilo tunalolalamikia.

2. Unyaufu unaokatwa bila kupimwa

Hakuna mkulima anayebisha kwamba korosho hupungua uzito. Korosho iliyookotwa leo ina maji, na inavyokaa inanyauka. Tunachobishia ni namna mnavyokata.

Hesabu yake haifichiki. Chukua kilo 100 za korosho zenye unyevu wa asilimia 12. Ndani yake maji ni kilo 12, korosho yenyewe ni kilo 88. Zikikauka mpaka asilimia 9, zile kilo 88 zinabaki palepale na uzito wote unakuwa karibu kilo 96.7. Zimepungua kilo 3.3. Huo ni unyaufu wa kweli na unaweza kupimwa, kwa sababu kipima unyevu kipo, ni kidogo cha kushika mkononi, na chama kina uwezo wa kukinunua. Sasa chukua korosho zilizoletwa zikiwa tayari na asilimia 9. Hizo zitapungua nini tena? Zikikaa ghalani mwezi wa Novemba mvua zinapoanza, zinaweza hata kuongezeka kidogo.

Kwetu hakipimwi kitu. Karani anachukua kiganja cha korosho, anazitikisa sikioni, anazirudisha, kisha kila mmoja anakatwa kiwango kilekile. Aliyeanika siku tatu juani, akizigeuza mchana kutwa na kuzifunika usiku umande usiziloweshe, anakatwa sawasawa na aliyezizoa jana chini ya mti akazileta na ubichi wake.

Naomba mlitazame jambo hili kwa makini, kwa sababu ndilo linaloharibu tabia ya kijiji kizima. Mkulima aliyeanika vizuri anakatwa mara mbili: jua limeshampunguzia kilo zake nyumbani, kisha karani anampunguzia nyingine ghalani kwa maji ambayo hayamo tena. Yule aliyeleta mbichi ameuza maji kwa bei ya korosho. Msimu unaofuata mnategemea nani aanike? Nimewasikia vijana wakisema waziwazi kwamba anayeanika siku tatu amejipunja mwenyewe. Neno hilo hawakulitoa kwa wazazi wao. Wamejifunza kwenye mlango wa ghala letu.

3. Kilo za ziada

Lori likitoka kwetu linakwenda ghala kuu, na huko korosho hupimwa tena kabla mwenye ghala hajatoa stakabadhi yake. Kwa hiyo kila msimu kuna namba mbili: jumla ya kilo tulizoandikiwa sisi kijijini, na jumla ya kilo zilizopokelewa ghala kuu. Tumeomba kuziona namba hizo mbili zimewekwa pamoja kwenye karatasi moja. Hatujawahi kuziona.

Zikipungua, tunaambiwa kwa sauti kubwa na tunakatwa wote. Zikizidi, hakuna anayesema kitu. Na kila msimu minong'ono ni ileile: kwenye orodha ya malipo yapo majina ambayo shamba lake hakuna anayelijua, ya watu wasio na hata mkorosho mmoja uani. Simtaji mtu, kwa sababu sina daftari mkononi la kuthibitisha, na kumtaja mtu bila ushahidi nao ni uongo. Lakini wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari mnalo nyinyi. Lifungueni, minong'ono itakufa siku hiyohiyo, au ukweli utajulikana.

4. Daraja la pili kwa kutazama tu

Hili ni fupi. Mwanachama akiambiwa korosho zake ni daraja la pili, hasara yake ni kubwa kuliko hiyo ya pointi. Wenye kujua kazi huchukua sampuli, wanazikata mbele ya mwenye mali, wanahesabu nzima, zilizooza na zilizosinyaa, halafu ndipo wanatamka daraja. Kwetu inatosha karani kukunja uso. Na mtu akiwa na jamaa yake ndani ya kamba, uso haukunjwi.

5. Malipo yanayokuja bila maelezo

Fedha zinapoingia benki, ujumbe wa simu unaonyesha jumla tu. Mkulima anajua kuna ushuru wa halmashauri, kuna sehemu ya chama cha msingi na ya chama kikuu, kuna usafirishaji, kuna magunia. Anajua vipo kwa majina, hajui kila kimoja kimechukua shilingi ngapi kwenye kilo yake. Bei ya mnada tunaijua. Tangu msimu wa 2024/2025 minada inaendeshwa kwa mfumo wa Soko la Bidhaa Tanzania, na bei za siku zinasambaa kwenye simu kabla jua halijazama. Mkulima wa huku uwandani anajua mnunuzi aliye mbali ametoa shilingi ngapi, ila hajui ofisi iliyo hatua chache kutoka kwake imekata shilingi ngapi. Hilo haliwezi kuwa sawa.

Ndugu Mwenyekiti,

Kabla hamjanijibu, nitasema pia habari ya upande wetu, kwa sababu barua inayodai ukweli kwa mwingine na kuuficha wa kwake haina uzito.

Wapo wakulima miongoni mwetu wanaotia mawe katikati ya gunia. Wapo wanaonyunyizia maji usiku wa kuamkia siku ya kupeleka. Wapo wanaochanganya korosho za msimu uliopita, zilizokwisha kuwa nyeusi ndani, na kuzifunika kwa mpya juu na chini. Tunawajua, tunakula nao, na tunanyamaza. Hasara yao inatufika wote. Sehemu kubwa ya korosho ghafi ya Tanzania hununuliwa na wabanguaji wa India na Vietnam. Hao hawanunui maganda. Hununua kiini kilichomo ndani, na wanajua kukipima. Shehena ikionekana chafu, bei inashuka kwa mzigo mzima, na yule mama aliyeokota korosho mojamoja anaadhibiwa pamoja na mwenye mawe.

Lakini tazameni jinsi mambo haya mawili yanavyolishana. Mkulima anatia jiwe la kilo mbili kwa sababu anaamini karani atamwibia kilo mbili. Karani anapunguza kilo mbili kwa sababu anaamini mkulima ametia jiwe. Kila mmoja anaona anarudisha haki yake tu. Na yule ambaye hakutia jiwe wala hakunyunyizia maji ndiye anayelipa kwa wote wawili, kwa sababu yeye kilo zake mbili zinazokatwa zilikuwa korosho kweli.

Niseme pia kuhusu karani, maana sitaki barua hii ishuke juu ya kichwa cha kijana mmoja. Karani ni mtoto wetu. Tumemwona akikua, tunasali naye. Ni mtu wa msimu, posho yake ni ndogo, na ghala kuu likikuta upungufu yeye ndiye wa kwanza kuulizwa na pengine kukatwa. Hana kipima unyevu, hana mamlaka ya kukataa korosho mbichi za mkubwa. Kwa hiyo anajiwekea akiba: kilo moja hapa, mbili pale, ili lori likifika lisipungue. Alianza kwa woga. Akigundua akiba imebaki na hakuna anayeiulizia, woga unageuka kuwa tamaa, na siku hiyo mwizi anakuwa amezaliwa kwa utaratibu tuliouweka wenyewe. Ndiyo maana sidai karani afukuzwe. Nadai utaratibu ubadilishwe. Mkimfukuza huyu mkamweka mwingine kwenye meza ileile, nyuma ya mizani ileile, mwakani nitaandika barua ileile.

Kuna jambo la historia ambalo naliona limesahaulika ofisini kwetu. Ushirika katika nchi hii ulizaliwa, kwa sehemu kubwa, na ugomvi wa mizani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Usukuma walichoshwa na wanunuzi waliowapunja, wakaanza kujipimia pamba yao wenyewe kabla ya kuifikisha kwa mnunuzi, ili wakifika pale wajue kilo zao. Kutokana na madai hayo, wakiwa na viongozi kama Paul Bomani, wakajenga vyama vya msingi vilivyoungana mwaka 1955 kuwa shirikisho la vyama vya ushirika la Victoria, lililojulikana kote kwa herufi VFCU. Wakulima wale hawakuwa na gari wala ofisi walipoanza. Walikuwa na mizani yao, na watu wao wa kuisoma.

Ushirika huohuo ulipoacha kuwajibika kwa wanachama, haukuchukua muda kutikisika. Mwaka 1966 Serikali ililazimika kuunda tume ya kuuchunguza, na mwaka 1976 vyama vikuu vikavunjwa, vikarudishwa baadaye kwa sheria ya mwaka 1982. Wazee wetu waliishi miaka hiyo ya katikati na wanakumbuka ilivyokuwa kukosa chombo chao wenyewe cha kuuzia. Sitaki watoto wetu waipitie tena.

Na hatuhitaji kurudi nyuma mbali hivyo. Msimu wa 2018/2019, wakulima walipozigomea bei za minada, kisha Serikali ikatangaza kununua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, malipo yalitanguliwa na uhakiki wa mashamba. Kwa nini uhakiki? Kwa sababu ilijulikana kwamba korosho nyingi zilizoandikwa kwa majina ya wakulima zilikuwa za kangomba, hao wanaokopesha fedha wakati wa njaa ili walipwe korosho kwa bei ya kutupa. Mkulima halali mwenye shamba lake alisubiri malipo huku ada za shule zikidaiwa, kwa sababu karatasi za vyama hazikuaminika tena. Uongo wa wachache ulimchelewesha kila mtu. Na kangomba hajaondoka. Kila mkulima anayerudi kutoka ghalani akiwa amepunjwa anajiambia kwamba kama kupunjwa ni kulekule, bora apunjwe na anayempa fedha taslimu mlangoni leo. Nyinyi mnapiga vita kangomba kwenye mikutano, na mizani yenu inamletea wateja.

Najua majibu yatakayokuja, kwa hiyo niyajibu hapahapa.

Mtasema kwamba msimu una haraka, malori yanasubiri, hakuna muda wa kumwonyesha kila mkulima namba. Kugeuza mizani hakuongezi hata dakika moja kwa gunia. Kinachochelewesha foleni ni mabishano, na mabishano yanatokana na kutokuona.

Mtasema kipima unyevu ni ghali. Basi leteni bei yake kwenye mkutano, tuilinganishe na unyaufu tuliokatwa msimu mmoja. Wanachama wataamua wenyewe.

Mtasema vitabu hukaguliwa kila mwaka na COASCO, shirika la ukaguzi wa vyama vya ushirika. Ni kweli, na tunaushukuru ukaguzi huo. Lakini mkaguzi anakagua kilichoandikwa. Kilo ambayo haikuandikwa haimo kwenye kitabu anacholetewa.

Mtasema natumwa na kangomba, au natafuta uenyekiti. Sigombei nafasi yoyote katika uchaguzi ujao wa chama hiki, na naliandika hilo hapa ili mnishike nalo. Kuhusu kutumwa, someni madai yangu hapo chini muone kama kuna moja linalomfaa kangomba.

Na wapo watakaosema kwamba mambo ya ndani hayatolewi nje, nimeuaibisha ushirika. Ndugu zangu, niliyaleta ndani, yakiwa na mhuri wenu juu yake. Ushirika ni wa wanachama, na mwanachama anayedai namba za mali yake hajatoa siri ya mtu.

Tunachoomba ni hiki, na tunaomba kifanyike kabla msimu ujao haujafunguliwa:

Kwanza, mizani igeuzwe au iongezewe kioo cha pili, mkulima aione namba ikitulia, na kilo ziandikwe pamoja na pointi zake kama mizani inavyosoma. Anayeomba gunia lake lirudiwe kupimwa apewe haki hiyo bila kunyanyaswa.

Pili, kinunuliwe kipima unyevu. Unyevu uandikwe kwenye stakabadhi ya kila mkulima, na makato ya unyaufu yafuate namba hiyo. Aliyeleta korosho kavu asikatwe. Aliyeleta mbichi arudishwe akaanike, hata awe nani.

Tatu, kila mzigo unapopokelewa ghala kuu, ndani ya siku saba ibandikwe ukutani karatasi moja yenye namba mbili: kilo zilizotoka kijijini na kilo zilizopokelewa. Zikizidi, mkutano wa wanachama uamue ziada iende wapi. Zikipungua, tuambiwe kwa nini kabla ya kukatwa.

Nne, orodha ya malipo isomwe hadharani kijijini, jina na kilo, kabla ya fedha kutumwa. Sote tunajuana, na shamba la kila mtu linajulikana lilipo.

Tano, makato yote yaandikwe kwa shilingi kwa kilo, yabandikwe pamoja na bei ya mnada.

Sita, sisi wakulima tukubali kwa kauli moja kwamba gunia litakalokutwa na mawe, mchanga au korosho za zamani lipekuliwe mbele ya watu na mwenye nalo ajulikane. Niko tayari kuwa wa kwanza kumwaga magunia yangu chini mbele ya kila mtu.

Saba, karani alipwe posho inayoeleweka, na asibebeshwe peke yake upungufu ambao hana uwezo wa kuuzuia.

Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji sheria mpya. Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 imeweka madaraka ya chama mikononi mwa mkutano mkuu wa wanachama. Tunaomba uitishwe mkutano mkuu maalumu, ajenda ikiwa hii moja tu, na namba nilizozitaja ziletwe siku hiyo zikiwa zimeandikwa. Nisipopata tarehe ya mkutano huo ndani ya siku 30, tutaanza kukusanya saini za wanachama wa kuuitisha wenyewe, kisha tutaupeleka ufuatiliaji kwa Mrajis wa Vyama vya Ushirika. Tungependa zaidi muuitishe nyinyi. Tumewachagua, wengi wenu ni ndugu na majirani zetu, na mkilirekebisha jambo hili nitakuwa wa kwanza kusimama mkutanoni kusema mmefanya vyema.

Jina langu na namba yangu ya uanachama vimo kwenye nakala iliyosainiwa, niliyoikabidhi ofisini kwenu kabla ya kuichapisha hii.

Wenu katika ushirika,

Mwanachama, mkulima wa korosho,
Mkoa wa Mtwara.

Nakala:
Mrajis Msaidizi wa Vyama vya Ushirika, Mkoa.
Ofisi ya Wakala wa Vipimo, Mkoa.
Afisa Ushirika wa Wilaya.
Mtendaji wa Kijiji, kwa kubandikwa kwenye ubao wa matangazo.